Kikombe cha Manjano

Kikombe kilikuwa cha bati, na kila asubuhi kilimfikia Vifungo mkekani kabla hajafunga nywele. Mama mkwe wake alikileta kwa mikono miwili, kisha akasimama pale pale hadi kimalizike, kama tarishi anayesubiri saini. Ndani mlikuwa na manjano yaliyochemshwa mpaka maji yakawa mazito. Vifungo aliyanywa kwa sababu fizi zake zilikuwa zimevimba na kutoa damu, na kwa sababu kikombe cha mama mkwe hakikataliwi, labda uwe umeshafunga mizigo.

Jina la Vifungo alipewa kazini, kwenye karakana ya mashati, ambako wenzake walishona kola na mikono na yeye akashona vifungo, asubuhi hadi jioni. Jina lake la kweli lilibaki kwenye kadi ya kliniki, pamoja na neno kifafa. Vidonge vya kliniki vilimzuia asianguke, na vidonge hivyo hivyo ndivyo vilivyomvimbisha fizi. Daktari alishamwambia kwamba hutokea. Basi akawa anacheka huku kafunika mdomo, na wasiomjua walimwona mtu mwenye haya.

Miezi tisa ilikuwa imepita hajaanguka. Mara ya mwisho alianguka akiwa amembeba mwanawe wa wiki sita, na mtoto akasalimika kwa kuwa alidondokea kwenye rundo la nguo za kufua. Tangu siku hiyo nyumba ikawa na sheria, na aliyeitunga ni mama mkwe: mpaka utimie mwaka mzima bila kuanguka, kama daktari alivyotaka, Vifungo angemshika mtoto akiwa amekaa mkekani tu. Amnyonyeshee mkekani, ambadilishie nguo mkekani, acheze naye mkekani. Wengine wote waliweza kusimama naye: baba yake, bibi yake, hata mke wa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mama mzazi alimtazama mwanawe kutoka chini, akipitishwa juu juu mikononi mwa watu.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na ndiyo maana iliuma zaidi. Watu walimwambia mvumilivu hula mbivu, na waliomwambia hivyo kwa kawaida walikuwa wamembeba mtoto wake begani. Ilibaki miezi mitatu. Vifungo hakutaka kitu kingine duniani; hakutaka nguo, hakutaka safari, hata fizi zingeweza kuendelea kuvimba kama zilivyotaka. Alitaka kusimama na mwanawe mikononi, atembee naye hadi mlangoni, amwonyeshe njia.

*

Mama mkwe alifanya kazi miaka thelathini katika idara ya rangi ya kiwanda cha nguo. Kucha zake hazikuwahi kurudi zilivyokuwa. Ziligoma kwenye samawati. Mikono yake ilikuwa minene kwa kunyanyua nguo zilizolowa, na magoti yake yalikuwa yamechoka kwa kusimama kwenye saruji yenye maji. Kiwanda kilikuwa kimefungwa zamani, lakini yeye hakufungwa. Aliitazama dunia nzima kama kitambaa kilichotumbukizwa pipani, na swali lake lilikuwa moja tu: rangi imeshika au haijashika?

Wiki ya pili ya manjano ilipokwisha na fizi ziko vile vile, alimuuliza mkwewe swali mezani, mbele ya mwanawe, mume wa Vifungo, aliyekuwa anakula mkate.

"Choo chako kina rangi gani, mwanangu?"

Mwanawe, ambaye ni fundi redio na mtu mpole, alipaliwa. Vifungo alitazama chini akatamani sakafu ifunguke. Lakini mama mkwe hakuwa anatania, alikuwa amesimama na kitambaa cha kufutia meza anasubiri jibu, na mwisho Vifungo akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni cha njano.

"Nilijua," akasema mama mkwe. "Yanapita tu."

Akaeleza, na alipoeleza mambo ya rangi hakuna aliyethubutu kunyanyuka. Kiwandani, alisema, mjinga huangalia kitambaa, mjuzi huangalia maji ya mwisho. Maji ya mwisho yakitoka meupe, ujue rangi imeingia kwenye uzi. Yakitoka na rangi, ujue umelisha mfereji. Na rangi nyingine hata uzichemshe wiki nzima haziingii peke yake. Lazima utie shabu, yale mawe meupe, ndipo uzi ufunguke na rangi ipate pa kushika. Mwili nao ni hivyo hivyo. Mtu anakunywa dawa ya mizizi lita nzima, inashuka, inatoka, anasema dawa haifai. Dawa inafaa, ila haikuingia.

Siku hiyo alikwenda sokoni kwa muuza viungo, mzee mmoja mwenye maneno mengi kuliko bidhaa, akamuuliza manjano hutiwa nini ili yashike. Mzee akamwambia pilipili manga ya kusaga, na kijiko cha mafuta, kwa sababu manjano hayapatani na maji matupu. Mama mkwe alirudi nyumbani na karatasi iliyokunjwa, amefurahi kama mtu aliyekuta jibu lake limeandikwa kwenye kitabu cha mwingine. Kesho yake kikombe kilikuja na duara za mafuta zikielea juu, na ukali uliomfanya Vifungo apige chafya mara tatu.

"Kunywa, mke mwenzangu," akasema mama mkwe, maana yeye humwita mjukuu wake mume wangu, na kwa utani huo wanawake wawili wa nyumba ile walikuwa wake wenza. "Sasa tutaona kama yatashika."

Na yalishika. Baada ya siku kumi maji ya mwisho, kama alivyoyaita, yalibadilika. Fizi ziliacha kutoa damu. Mama mkwe alimfungua mdomo mkwewe karibu na dirisha, akakagua kama anayenunua kitambaa, akaongeza pilipili manga kidogo.

*

Kulegea kulianza pole pole, na mwanzoni kulikuwa kutamu. Asubuhi moja Vifungo alitia mguu sakafuni akaona saruji imekuwa laini, inabonyea na kurudi. Sauti za watu zilimfikia zimechelewa, kama zimefungwa pamba. Jumapili mchana jua liliingia dirishani likakaa ukutani muda mrefu kuliko kawaida yake, na vumbi lililoelea ndani ya mwanga lilimpendeza mpaka akasahau maziwa jikoni, yakachemka yakamwagika. Hakuwa na hofu. Miaka yote aliishi akiuvizia mwili wake, akisubiri saa utakapomgeuka, na sasa ghafla alijikuta hajali, na kutojali kule akakuita afya.

Usingizi ulikuja ukiwa na milango mingi. Aliingia mmoja akiwa anamnyonyesha mtoto, akatokea mwingine mtoto ameshalala na jua limehama. Katikati aliota anatembea kwenye ukumbi mrefu uliojaa nguo zilizoanikwa, zote zinadondoka maji ya njano, na mtoto amekaa begani mwake anazigusa moja moja kwa kidole. Aliamka akiwa amechoka miguu, kwa furaha, kama mtu aliyetembea kweli.

Kisha vitu vikawa viwili viwili. Mlango ulikuwa na mwenzake, taa ilikuwa na pacha. Jioni mumewe alipoingia waliingia wanaume wawili wenye bisibisi mfukoni, na Vifungo akawakaribisha wote, akawaambia wasigombane, chai inatosha. Mumewe alicheka sana siku hiyo. Mtoto naye alikuwa wawili. Walitambaa pamoja hadi mkekani, kila mmoja na meno yake manne, wakapanda mapajani pake, na yeye akawakumbatia akiwaza, kwa akili ile iliyokuwa ikielea, kwamba sasa mambo yamenyooka: mmoja atakuwa wa mkekani, na mwingine wa kubeba.

Mumewe aliacha kucheka siku alipomtazama machoni. Vifungo alipoangalia pembeni, mboni zake zilitikisika, zinakwenda na kurudi, mfano wa mshale wa redio inayotafuta stesheni. Fundi redio alijua mshale ule ukifanya hivyo kuna kitu ndani kimezidi au kimepungua. Alimuuliza anajisikiaje. Vifungo akamjibu kwamba yuko salama, ila ulimi umekuwa mzito kidogo, na neno kidogo lilimchukua muda kulimaliza.

*

Karakanani hawakumpeleleza macho. Waliangalia mashati. Siku ya Jumanne mashati kumi na tano yalirudishwa mezani kwa msimamizi, vifungo vimepangwa kwa unadhifu kabisa, ila vimepangwa pembeni, upana wa kidole kutoka vinapotakiwa kukutana na matundu yake. Msimamizi, mwanamke aliyevaa miwani kwenye kamba, alivaa moja ya mashati yale juu ya gauni lake, akajaribu kulifunga, likampinda kifuani kama limechukia. Wenzake walicheka. Vifungo naye akacheka, kwa kuwa aliona wasimamizi wawili na wote walikuwa wamependeza.

Hapo msimamizi akamsogelea, akainama, akamnusa mdomo mbele za watu.

"Umekunywa nini wewe?"

"Manjano," akasema Vifungo.

Karakana nzima iliangua kicheko. Alikuwa amelijibu swali hilo ilivyo, na kwa jibu hilo akaonekana mlevi. Msimamizi alimwambia aende nyumbani, akae wiki mbili, arudi akiwa na akili zake. Alisema hivyo bila ukali, akamsaidia kutafuta begi lake, na huruma ile ilimchoma Vifungo kuliko kunuswa. Aliondoka akishika ukuta, na mtaa mzima ulimwona anashika ukuta saa sita mchana.

*

Fundi redio alifunga kibanda chake akampeleka kliniki mwenyewe. Daktari alikuwa dada mmoja kijana, mwenye foleni hadi nje, na aliuliza maswali yake upesi lakini kwa makini. Anameza vidonge vingapi? Vinne kila jioni. Hakuna siku alirudia kwa kusahau? Fundi alitoa kopo la vidonge mfukoni. Alikuwa amevihesabu na idadi ilikuwa sawasawa. Alimpa kwa mkono wake, alisema, na kumwangalia akimeza. Daktari alimwambia Vifungo afuate kidole kwa macho. Vifungo aliona vidole viwili akajitahidi kuvitendea haki vyote.

Daktari akauliza kama kuna dawa nyingine yoyote anatumia, za duka au za wapi. Fundi alifikiri. Alikuwa mkweli, asingeweza kumdanganya daktari kwa jambo la mkewe. Alifikiria vidonge, sindano, chupa zenye lebo. Kikombe cha bati hakikumjia kabisa, maana kilitoka jikoni, na vya jikoni ni chakula.

"Hakuna," akasema.

Daktari alisema dawa imemzidi mwilini, japo haelewi kwa nini, kwa dozi ile ile aliyoizoea miaka miwili. Kipimo cha kuona kiasi cha dawa kwenye damu hawakuwa nacho. Damu ingepelekwa mbali, na majibu yangechelewa. Kwa sasa wapunguze nusu, viwili kila jioni, na warudi baada ya wiki mbili. Akianguka waje siku hiyo hiyo.

Nyumbani mama mkwe aliwaona wanakuja, mwanawe amemshika mkewe mkono kama anavuka na bibi kizee. Alikwenda jikoni akakaa kwenye kigoda, akaitazama ile karatasi ya pilipili manga. Kiwandani nguo ikitoka nyeusi kuliko ilivyoagizwa, hakuna anayekigombeza kitambaa. Huulizwa nani alitia shabu, na alitia ngapi. Aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Akaikunja karatasi, akaitupa shimoni pamoja na manjano yaliyobaki, na asubuhi alipoulizwa kikombe kiko wapi akasema yamekwisha, atanunua mwezi ujao. Mwanawe alishamwambia kwamba vidonge vimepunguzwa, naye akajibu vizuri, afadhali. Hakujumlisha. Yeye alikuwa ametoa shabu, daktari alikuwa ametoa rangi, na kila mmoja alidhani amefanya peke yake.

*

Ukungu uliondoka kwa siku nne. Mlango ukarudi mmoja, mume akarudi mmoja, na mtoto naye, kwa huzuni ndogo ambayo Vifungo hakumwambia mtu, akarudi kuwa mmoja. Dunia ikawa na kingo zake tena. Alianza kuhesabu upya: wiki sita, kisha tano na siku kadhaa. Mtoto alikuwa ameanza kushika kiti akasimama, anayumba, anakaa kwa kishindo, anacheka.

Siku ya kumi na moja tangu vidonge vipunguzwe, kabla ya adhuhuri, mama mkwe alikuwa uani anaanika nguo aliposikia mtoto akilia mara moja, kilio kifupi, kisha kimya. Kimya ndicho kilichomkimbiza. Alimkuta Vifungo chini, mkekani, mwili mzima unapigwa na kitu kisichoonekana, na mtoto amekaa pembeni anamtazama mama yake kwa mshangao, ameshika kidole cha mama kinachoruka. Mama mkwe alimwondoa mtoto, akamlaza mkwewe ubavu, akamwekea nguo chini ya kichwa, akasubiri. Hakuna kazi nyingine ya kufanya wakati ule zaidi ya kusubiri, na alisubiri huku machozi yanamtoka, kwa sababu alijua ni kikombe chake. Ilipokwisha, alimfuta, akambadilisha gauni lililolowa, akaenda kulifua lile la kwanza haraka haraka, kama mtu anayeficha ushahidi, na kweli ndicho alichokuwa anafanya.

Vifungo alifumbua macho baada ya muda mrefu. Alitazama dari, akatazama mkono wake, akautambua.

"Nimeanguka, Mama?"

Mama mkwe alimtazama. Aliona wiki tano zilizobaki zimesimama mlangoni, zinasubiri aseme.

"Umelala tu, mwanangu," akasema. "Ulichoka."

Vifungo hakuuliza tena. Ulimi wake ulikuwa na jeraha ubavuni, na gauni alilovaa halikuwa alilovaa asubuhi. Misuli yote ilimuuma kama aliyebeba mawe. Alijua, na mama mkwe alijua kwamba anajua. Lakini uongo ule uliwafaa wote wawili, ukakaa nao chakula cha jioni, ukapakuliwa sahani yake, na fundi redio alikula katikati yao akifurahi kwamba nyumba imetulia. Siku mbili, tatu, hakuna aliyegusa jambo hilo, ila mama mkwe hakutoka tena uani mtoto anaponyonya. Alikaa mlangoni, amekunja mikono yake minene, analinda.

*

Siku ya kurudi kliniki fundi alikuwa na redio ya msikiti ya kutengeneza, hivyo mama mkwe ndiye aliyemsindikiza. Mtoto aliachwa kwa mke wa jirani. Njiani walizungumza habari za bei ya sabuni.

Daktari alifurahi kumwona Vifungo anatembea mstari ulionyooka. Alimwambia afuate kidole, naye akakifuata kimoja. Akauliza kama ameanguka.

"Sijaanguka," akasema Vifungo. Alisema vizuri, bila kutetereka. Alikuwa amefanya mazoezi kichwani. Daktari alishika kalamu aandike.

"Ameanguka," akasema mama mkwe. "Ijumaa. Nimemwangusha mimi."

Vifungo aligeuka akamtazama. Daktari aliiweka kalamu chini. Mama mkwe alitazama kucha zake, akasema yote, kuanzia fizi, kwenda choo, kwenda sokoni. Hakujitetea popote. Alipofika kwenye kijiko cha pilipili manga, daktari alimwomba arudie ni kiasi gani, akarudia, na alipofika mahali alipoitupa karatasi shimoni, daktari alifumba macho kidogo.

Daktari hakumgombeza, na huenda ingekuwa afadhali amgombeze. Alivuta karatasi akachora utumbo kama bomba. Dawa ukiimeza, alisema, haiingii yote kwenye damu. Kwanza iyeyuke tumboni, na nyingine, kama manjano, haiyeyuki vizuri kwenye maji, inataka mafuta. Halafu ivuke ukuta wa utumbo, na ukuta una walinzi wanaorudisha nyuma sehemu ya kinachotaka kupita. Kilichovuka kinapelekwa kwenye ini, nalo linakata sehemu yake kabla ya kukiachia kizunguke mwilini. Ndiyo maana mtu anakunywa kikombe kizima cha mizizi na mwili unapata tone. Pilipili manga huwalegeza walinzi wa ukutani na kulipunguzia ini kasi.

"Kwa hiyo kuhusu manjano hukukosea, Mama," akasema. "Yaliingia zaidi. Lakini mlango ulioufungulia manjano, vidonge vyake navyo vilipita hapo hapo. Vinne vikawa na nguvu ya vingi. Mimi sikujua, nikapunguza. Na wewe siku hiyo hiyo ukafunga mlango."

Mama mkwe aliitazama ile picha ya bomba.

"Kumbe shabu haichagui rangi," akasema mwishowe, si kwa daktari wala kwa mtu yeyote.

Vidonge virudi vinne, akaagiza daktari, pole pole, kwa siku alizoziandika. Kikombe kisirudi, na kitu chochote kitakachomezwa, kiwe mzizi, jani au viungo vya jikoni, kisemwe hapa kwanza. Fizi wangezishughulikia kwa njia nyingine. Kisha akafungua kadi, akaandika tarehe ya ile Ijumaa. Vifungo aliiona tarehe ikiandikwa.

"Lakini haikuwa yangu, daktari," akasema. "Ilikuwa ya kikombe. Nisingeanguka."

"Najua."

"Basi usiihesabu."

Daktari alimwambia, kwa upole, kwamba angependa asiihesabu. Ila ubongo hauulizi kosa lilikuwa la nani, na dawa ndiyo kwanza inarudi mahali pake. Mwaka ungeanzia Ijumaa ile. Kwa mtoto, asikae naye peke yake, asimwogeshe peke yake, asisimame naye bila mtu wa kumshika.

*

Walirudi nyumbani bila habari za sabuni. Vifungo alitangulia, na mama mkwe akamfuata nyuma akiburuza magoti, na hakuna aliyemngoja mwenzake. Mke wa jirani alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kiunoni. Kwa mazoea Vifungo alipita akaenda kukaa mkekani, lakini hakunyoosha mikono. Alikaa akitazama ukuta.

"Ungenyamaza tu, Mama," akasema. "Wiki tano."

"Ningenyamaza, ungesimama naye," akasema mama mkwe. "Na ungeanguka naye."

"Mwaka mwingine atakuwa na miaka miwili." Sauti yake haikupanda, ila ilianza kukatika. "Atakuwa anakimbia, Mama. Nitamwomba nimbebe, atanikataa. Tangu wiki sita sitakuwa nimembeba mwanangu hata siku moja, na atakuwa ameshakua."

Miaka thelathini mama mkwe alikuwa na jibu la kila kitu, kwa nini nyekundu imefifia, kwa nini kijani kimekamata madoa, na sasa alisimama katikati ya chumba akiwa mtupu, moyo unamuuma kweli kweli, kwa mapenzi na kwa aibu. Mke wa jirani alijifanya anamfuta mtoto pua. Mtoto alimwona mama yake chini akaanza kujinyonganyonga kiunoni mwa watu, anataka kushuka kule anakomjua mama yake kila siku.

Mama mkwe alivua viatu. Alikwenda akasimama nyuma ya Vifungo, akatanua miguu, akajiegemeza kidogo ukutani kupima nguvu ya magoti yake.

"Simama," akasema.

Vifungo hakuelewa. Alisema sheria ni ya Mama mwenyewe.

"Sheria ni yangu. Simama, nimekushika."

Alisimama. Ile mikono minene ilimzunguka kiunoni kutoka nyuma, ikafunga mbele yake, imara, mikono iliyokuwa inanyanyua marobota yaliyolowa wakati wanaume wawili wanapumzika. Vifungo alihisi kidevu cha mama mkwe begani mwake na pumzi yake shingoni. Mama mkwe akamwambia mke wa jirani amlete. Mke wa jirani alisita, akawatazama, kisha akamweka mtoto mikononi mwa mama yake.

Mtoto alinyamaza. Aliutazama uso ule kutoka mahali ambapo hakuwahi kuuona, akatazama chini, akaona mkeka uko mbali, akaurudia uso. Alimshika mama yake pua ili kuhakikisha. Alikuwa mzito. Hilo ndilo lililomshangaza Vifungo, uzito ule wote, jinsi ulivyovuta mikono na mgongo, na jinsi kila mtu aliyembeba alivyokuwa akilalamika kwamba huyu mtoto amekuwa mzito, na yeye hakuwa akijua wanasema nini.

Wakatembea. Haukuwa mwendo wa kupendeza. Miguu minne iligongana, na mama mkwe alimwomba asimharakishe. Walipita meza, wakapita kiti, wakafika mlangoni. Nje mtu alikuwa anasukuma baiskeli yenye pancha, mwanamke anamwaga maji, mbwa amelala katikati ya njia kama amelipia kodi. Vifungo alimwonyesha mwanawe vyote, kimoja kimoja, kwa majina yake, na mtoto alivifuata kwa kidole. Mwenye baiskeli aliwaona wanawake wawili waliobanana mlangoni kama wanapigana mieleka, akawasalimu kwa mashaka.

Magoti ya mama mkwe yalikuwa yanatetemeka. Vifungo aliyahisi nyuma ya miguu yake mwenyewe.

"Umechoka, Mama?"

"Nimechoka," akasema mama mkwe, na hakulegeza mikono. "Mwonyeshe na upande ule. Kesho tutafika hadi barabarani."